Ufunguo kwa Balozi

Ilikuwa Machi, mvua haijakatika Isyonje kwa siku nne. Tulikwenda wawili, kwa kuwa mtu wa kujitolea kusikiliza waliokata tamaa haendi peke yake: mimi na mama mmoja mchuma chai wa Tukuyu. Aliyetuita ni mke wa mkulima wa viazi. Shamba la juu lilikuwa limeungua lote kwa baka jani, ugonjwa wa viazi, na deni la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, likabaki palepale. Lakini hilo silo lililomtisha. Mumewe alianza kugawa vitu, koti lake zuri kwa jirani, baiskeli kwa mdogo wake, kisha ghafla akatulia kama mtu aliyemaliza hesabu.

Nilianza vibaya. "Kaka, una watoto wadogo, mshukuru Mungu." Akajibu, "Ni kweli," akanyamaza. Mtu akikujibu hivyo ujue umemwongezea aibu juu ya mzigo aliokuwa nao.

Mama akaacha kikombe kipoe, akauliza taratibu, "Baba, umefika mahali pa kutaka kujiua?"

Wengi huogopa swali hilo, wakidhani litampandikizia mtu wazo. Halipandikizi; humpa ruhusa ya kusema. Alichelewa sana kujibu, na mama hakuujaza ule ukimya. Mwisho akasema, "Tangu Jumapili." Akaulizwa kama amefikiria namna, na kama kitu chenyewe kipo nyumbani. Kipo stoo.

Nesi wa zahanati angeyajua maswali hayo vizuri kuliko sisi, ila foleni yake haimpi saa tatu za kukaa jikoni. Padri Chad Varah, aliyekuwa akipokea watu waliofikiria kujiua, aliliona jambo hilo London mwaka 1953: watu wa kujitolea waliowapa chai waliosubiri kumwona waliwasikiliza hadi wengine wakaondoka bila kumhitaji yeye.

Usiku uleule dawa zote za shamba zilihamia kwa balozi wa nyumba kumi, zikafungiwa, ufunguo ukabaki kwake. Tamaa ya kufa hupanda na kushuka, pengine ndani ya saa chache, na umbali wa nyumba nne ni muda. Sri Lanka walipopiga marufuku viuatilifu vikali zaidi, vifo vya kujiua vilipungua sana.

Alituomba tusimwambie yeyote. Hatukuahidi. Tulimweleza nani atajua na kwa nini: mke, balozi, daktari. Alichoogopa zaidi ni polisi, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo huwafanya watu wengi kujificha. Asubuhi tulipanda naye Coaster hadi hospitali Mbeya, mkewe kushoto, mimi kulia.

Tukarudi siku ya tatu, halafu kila Alhamisi. Hapo ndipo jambo tusilolipanga likajitokeza: shamba la bondeni lilikuwa bado zima, baka jani halisubiri mtu apone, na dawa ziko kwa balozi. Mke akataka zirudi zote. Tulibishana mlangoni, mvua ikitupiga, mpaka balozi akasema atapima dawa ya bomba moja tu, lita 15, yeye mwenyewe aichanganye palepale shambani, chupa irudi kwake kabla ya jua kuzama.

Yule kaka akavaa buti, akatuuliza kama tunajua kupulizia.