Ghala lililobaki milango

Picha niliyokuwa nimeonyeshwa ilikuwa ya ghala la shamba lenye paa la matete. Tulipofika, pale Norfolk, mashariki mwa Uingereza, nilikuta kuta tu. Makombamoyo yaliyosalia yalikuwa meusi tititi. Mwenyeji wangu alisema lilikuwa limeungua mwaka uliotangulia.

Kilichonishangaza ni milango: miwili mikubwa, imetazamana katikati ya jengo. Ya nini yote hiyo?

Jibu nililipata kesho yake Waxham, kwenye ghala kuu la karne ya 16, nyuma ya matuta ya mchanga wa pwani. Lina urefu wa mita 55 hivi. Kuta ni za gumegume, zikichanganywa na mawe yaliyochongwa, ambayo yalitolewa kwenye nyumba za watawa zilizofungwa enzi za Mfalme Henry VIII. Ndani ni giza lenye ubaridi. Ukiinua macho unaona boriti za mwaloni zimepangana mpaka shingo inauma. Mkokoteni uliojaa nafaka uliingia mlango mmoja, ukashusha, ukatokea wa pili. Kati ya milango hiyo ndipo nafaka ilipopurwa kwa mikono. Wakati wa kupepeta, yote miwili iliachwa wazi ili upepo uchukue makapi.

Nami nilidhani ni mapambo!

Paa ni la matete, na kipaa chake kimeinuka sana, kwani paa la kulala lingekaa na maji na kuoza. Hata hili lilikaribia kupotea: dhoruba ya 1987 ililivuruga, likaja kukarabatiwa miaka ya 1990. Adui mkubwa zaidi ni moto. Matete hushindiliwa kiasi kwamba moto hutambaa ndani kwa ndani, na tabaka la juu, lililoezekwa limwage mvua, humwaga vilevile maji ya zimamoto. Mara nyingi hulazimika kulifumua paa ili kuokoa kilichobaki.

Nilimuuliza mwenyeji kwa nini lile lake la pichani lisijengwe upya. Alicheka kidogo. Mashine ya kuvunia hupura hukohuko shambani, akasema, na haipiti mlango wa mkokoteni. Nafaka sasa hukaa kwenye maghala ya chuma.

Tulipita tena pale jioni. Upepo wa bahari ulikuwa ukiingia mlango huu na kutokea ule.