Nguvu za Vidole kwa Miamba ya Lukenya na Hell's Gate

Mtu anayeanza kukwea miamba hupata nguvu za misuli mapema kuliko kano zake zinavyoweza kuzistahimili, na kwa maoni yangu jambo hilo moja ndilo linalopaswa kuongoza mazoezi yake yote ya mwaka wa kwanza.

Misuli mikubwa inayokunja vidole haimo vidoleni. Iko kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, nayo huvuta mifupa ya vidole kwa kano ndefu zinazopita kiganjani na kushikiliwa karibu na mfupa na pete ndogo ngumu. Misuli hupitiwa na damu nyingi, kwa hiyo baada ya wiki chache za mazoezi mtu huanza kujiona ana nguvu mpya. Kano na pete hizo hupata damu kidogo, zikahitaji miezi mingi, hata miaka, kuimarika. Hatari iko katika pengo hilo. Mkweaji mwenye mabega mapana aliyejengeka kwa vyuma hung'ang'ania ukingo mwembamba wa jiwe huku amevikunja vidole kabisa na kuvibana kwa dole gumba, mshiko ambao huielemea mno pete iliyo karibu na shina la kidole. Pete hiyo ikichanika, wakati mwingine husikika mlio, na kupona huchukua muda mrefu.

Kwa sababu hiyo huwa napinga haraka ya kununua ubao wa kuning'inia, yaani ubao wa mazoezi wenye kingo nyembamba ambao mtu huushika kwa vidole na kuning'inia. Mwaka 1988 mkweaji Mjerumani Wolfgang Güllich alitengeneza mjini Nuremberg ubao wenye vipago vya mbao, ambao aliupanda kwa mikono pekee, miguu ikielea hewani, na mwaka 1991 akafanikiwa kukwea Action Directe katika miamba ya Frankenjura, njia iliyokuwa ngumu kupindukia kwa wakati wake. Wengi huiga ubao wake na kusahau kwamba alikuwa tayari amekwea kwa miaka mingi. Anayeanza atosheke na kukwea kwenyewe, mara mbili au tatu kwa wiki, akiacha siku ya kupumzika katikati. Baadaye, akitaka ubao, aning'inie kwa takriban sekunde kumi huku miguu ikiegemea kiti ili kupunguza uzito, vidole vikiwa vimekunjwa nusu tu, kisha apumzike dakika mbili au tatu kabla ya kurudia. Maumivu yanapoanza kwenye kidole, mazoezi ya siku hiyo yamekwisha.

Miamba yetu yenyewe hufundisha kwamba vidole si kila kitu. Kule Lukenya, kando ya barabara ya Mombasa, jiwe ni la kukwaruza na mara nyingi mtu hupanda kwa kuamini nyayo zake, akisukuma kwa mapaja badala ya kujivuta kwa mikono, na hapo zoezi la kuchuchumaa kwa mguu mmoja lina faida kubwa kuliko kujivuta kwenye chuma mara nyingi mfululizo. Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni habari nyingine: kuta zake za mwamba wa volkano zina nyufa ndefu zilizosimama wima, na mkweaji hupachika kiganja au ngumi ndani ya ufa, akategemea mabega, kiwiliwili na uvumilivu wa ngozi. Kwa kuwa katika kukwea mikono kwa kawaida huvuta zaidi kuliko kusukuma, pushapu zinahitajika pia, ili mabega yasivutwe upande mmoja.

Kwa Mlima Kenya mizani hubadilika tena. Kilele cha Nelion kina urefu wa mita 5,188, na njia yake ya kawaida si ngumu sana kwa vidole vya mtu aliyezoea Lukenya. Kinachomchosha ni saa nyingi za kukwea mfululizo katika hewa nyepesi, akiwa na kamba, maji na nguo za baridi mgongoni. Kwa hiyo katika wiki za kuelekea safari hiyo mimi huuacha ubao kabisa na kwenda kwenye vilima vya Ngong, nikipanda na kushuka kwa mwendo wa kutosha kuongea, nikiwa na mzigo uleule nitakaoubeba mlimani.