Gurudumu la Kushoto

Gari letu ni Toyota 110 ya mwaka 1997. Babangu alilinunua 2004, likiwa ndio kwanza limeshuka melini Kilindini, akalifanyia teksi miaka kumi na mbili mpaka magoti yakamshinda. Sasa naliendesha mimi. Kila asubuhi navuka nalo feri ya Likoni kwenda kufundisha kisiwani Mombasa, na jioni narudi nalo. Likilala gereji siku moja, nyumba nzima yajua.

Mlio ulianza wiki ya bamvua. Wanaovuka feri na gari wanaielewa hali ile: bahari ikijaa sana, maji hupanda kwenye mteremko wa kushukia, na matairi ya mbele hukanyaga maji ya chumvi kabla hayajagusa lami kavu. Siku chache baadaye, nikielekea Ukunda, nikasikia mvumo wa chini chini, kama nyuki waliofungiwa mtungini. Nikifika kilomita 40 kwa saa unaanza, nikifika 60 umejaa gari zima. Nikadhani ni matairi, maana tairi iliyolika vibaya hulia vivyo hivyo. Nikayabadilisha, ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Mvumo ukabaki pale pale.

Babangu masikio yamepungua siku hizi. Jumamosi moja nilikuwa nampeleka kwa dadake, Waa. Tulipopita Shika Adabu akaweka kiganja kwenye mlango wa upande wake, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, huku kwangu kwatetemeka. Hebu kata kulia kidogo."

Nikakata kulia, mvumo ukapanda. Nikakata kushoto, ukafifia karibu kupotea. Gari likikata kulia, uzito wake huegemea magurudumu ya kushoto, na beringi (zile pete mbili za chuma zenye gololi katikati, zinazoliwezesha gurudumu kuzunguka) ikichoka haistahimili mzigo huo, hupiga kelele. Mzee alikuwa ameshajua kwa kiganja tu, mimi ndiye niliyehitaji ushahidi.

Tuliporudi nikaliinua kwa jeki, nikaweka stendi chini ya chesisi (msiingize mkono chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, tafadhali), nikashika tairi juu na chini, nikasukuma na kuvuta. Likacheza. Kidogo, lakini likacheza. Kisha nikaizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine nimeushika kwenye springi, na ile springi ikawa inakwaruza mkononi mwangu kama vile ndani mna mchanga.

Kilichoniuma ni kwamba beringi hiyo ilikuwa na miezi mitano tu. Niliibadilisha kwenye gereji moja ya mjini, na nilikuwa nimesimama pale pale nikitazama kijana akiipigilia kwa nyundo na kipande cha bomba. Sikusema neno. Nilidhani ndivyo inavyofanywa.

Safari hii nikaenda kwa fundi mmoja mzee huku kwetu Mtongwe, mwenye gereji chini ya mwarobaini. Namwita ami, kama wanavyomwita wote. Nikamwamkia, nikamweleza. Kitu cha kwanza alichoniuliza hakikuwa bei wala aina ya gari. "Hiyo ya kwanza ilitiwa kwa presi au kwa nyundo?" Presi ni mashine inayosukuma chuma taratibu bila kukipiga. Nilipomjibu, akatikisa kichwa tu, akaenda kuchukua soketi ya 30.

Nati kubwa ya shafti, chuma kinachozungusha gurudumu, aliilegeza gari likiwa bado chini, mimi nikiwa ndani nimekanyaga breki. Ukishainua gurudumu, nguvu yote itaishia kulizungusha. Kufungua kwenyewe kulikuwa kwa haraka: kalipa inayobana diski ya breki ikatoka ikafungwa juu kwa waya isining'inie kwa mpira wake wa breki, diski ikafuata, kisha tairodi na boljointi. Kwenye bolti mbili zinazoshika shokamzoba alichora mstari wa rangi kabla ya kuzigusa, ili zirudi pale pale zilipokuwa na tairi lisije likaegemea upande. Kile chuma kizima kinachobeba habu, yaani kitovu cha gurudumu, kikatoka, tukakipeleka barabarani kwa jirani mwenye presi.

Habu iliposukumwa nje, ilitoka na nusu ya pete ya ndani ya beringi imeing'ang'ania. Ndivyo kawaida. Ami akaikata kwa grinda, taratibu, akasimama kabla moto haujagusa habu yenyewe, kisha akaweka tindo kwenye mfuo na kupiga mara moja. Tak! Pete ikapasuka, ikadondoka.

Ndipo akaniita. "Ndoo utazame, mwanangu." Akaifuta ile pete ya nje kwa kitambaa na kuielekeza juani. Ndani ya njia ya gololi mlikuwa na vidimbwi vidogo, vimepangika kwa nafasi sawasawa kama shanga kwenye uzi. Akachukua gololi mbili, akaziweka juu ya vidimbwi viwili vilivyofuatana. Zikakaa sawasawa. Kila dimbwi lilikuwa alama ya gololi moja, iliyogandamizwa siku ile ya nyundo. Beringi ilikuwa imeharibiwa kabla gari halijatoka gereji. Ukingo wa sili, kizibo cha kuzuia maji, nao ulikuwa umebonyea upande mmoja, na kupitia hapo bahari iliingia. Grisi ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Beringi mpya nilikuwa nimeinunua mjini, Koyo, aina anayoitumia babangu tangu enzi za teksi. Aliniagiza nilinganishe namba iliyochorwa kwenye chuma na ile ya kwenye boksi kabla sijatoa pesa, na nikafanya hivyo pale kaunta, mwenye duka akisubiri.

Hapa kwenye presi ndipo kazi yote ilipo, na ndipo nawaomba wenye magari ya zamani msimame mtazame. Beringi ikiingizwa kwenye tundu lake, isukumwe kwa pete ya nje peke yake. Ami alitumia pete kuukuu kama kisukumio, maana upana wake ni ule ule. Ikiingia, klipu yake ya chuma inarudishwa mpaka ikae kwenye mfuo. Kisha habu inapoingizwa, ni pete ya ndani ndiyo inayowekewa kitu cha kuishikilia kwa chini. Ukikosea ukasukuma pete moja ili isogee nyingine, nguvu yote inapitia kwenye gololi, na umerudi kwenye vile vidimbwi. Presi haina kelele. Chuma kinaingia polepole, fundi anasikiliza, anasimamisha, anatazama kama kimeenda wima, anaendelea. Nilimlipa mwenye presi shilingi 600 na nilimwona amenionea huruma.

Jambo la mwisho ni nati. Nilikuwa nikidhani kazi yake ni kushika shafti isitoke. Kumbe ndiyo inayozibana zile nusu mbili za pete ya ndani zikae pamoja, na ikilegea beringi inakufa mapema hata iwe nzuri vipi. Kwa gari hili kipimo cha nguvu ya kuikaza ni nyutoni-mita 216. Ami ana spana ya kupimia, ameifunga kwenye kitambaa cha kanga, haimwazimi mtu. Aliibana nati gurudumu likiwa chini, spana ikalia, akatia kotapini mpya, pini ya kuizuia nati isilegee, na kuikunja. Gari halikusogea hata hatua moja kabla nati haijabanwa.

Jumamosi iliyofuata nikampakia babangu tena. Tulipofika Shika Adabu akaweka kiganja mlangoni bila mimi kumwambia kitu. Nikapandisha mpaka 60. Nikakata kulia kidogo. Akakiacha kiganja pale mpaka tulipokaribia Waa, kisha akakitoa, akafungua dirisha, akaniambia nisimame kwa yule kijana wa madafu.