Pikapu bila cheche: betri ya tochi ilivyomaliza ubishi

Ukimwambia mtu pikapu yako ya zamani inazungushwa vizuri na stata lakini haishiki, atakujibu "koili", kile kifaa kinachokuza umeme wa betri uweze kuruka cheche, kabla hujamaliza sentensi. Shemeji yangu alisema koili. Jirani yangu alisema koili, na yule hajawahi kufungua boneti tangu nimfahamu. Fundi alipoitwa alikuja na koili mpya tayari kwenye mkoba, hajaigusa hata betri. Akafunga, akapiga stata, injini ikazunguka kwa raha zake, kimya. Hakuona aibu. Akajifuta mikono, akasema, "Basi ni iginaita."

Hapo nikamshukuru, nikamlipa nauli yake, nikafunga boneti. Iginaita, kwa asiyeijua, ni kile kisanduku cha elektroniki kinachokaa jirani na koili na kuikatia umeme kila inapotakiwa kutoa cheche. Ya gari la umri wa langu haipatikani kirahisi, na ikipatikana bei yake inakufanya ufikirie kuuza gari lenyewe. Spea hairudishwi dukani ukishaifunga. Nikaamua kwamba safari hii hainunuliwi hata skrubu mpaka kitu kithibitike kimekufa.

Gari lenyewe ni la kabureta, silinda 4, disibuta (kile kinachogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) ya elektroniki, isiyo na platini, zile ncha za kugusana na kuachana za magari ya kale zaidi. Watu huyadharau magari haya, lakini yana heshima moja: hayana kompyuta. Kati ya betri na plagi unaweza kuwataja watuhumiwa wote kwa pumzi moja: fyuzi, swichi, koili, iginaita, sensa iliyo ndani ya disibuta, rota inayozunguka humohumo, kifuniko chake, waya za plagi, plagi zenyewe. Petroli sikuhangaika nayo. Ukikanyaga pedali unaona kabureta inamwaga, na harufu ilijaa mpaka kwenye bomba la moshi.

Kwanza cheche. Wengi huchomoa waya wa plagi, wakaushika kwa mkono na kuusogeza karibu na chuma huku mwenzao akipiga stata. Sipendi. Kwanza utarushwa, maana koili inatoa zaidi ya volti 20,000. Pili, mfumo wa elektroniki ukiuacha uning'inie bila pa kurukia, umeme unajitafutia njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni ndani ya koili au iginaita. Ukaja na ugonjwa mmoja ukaondoka na miwili. Mimi nina plagi ya zamani niliyoibana na waya wa kuazimia umeme, upande wa pili nimeubana kwenye chuma cha injini. Naiweka mbali na kabureta, kwa sababu mvuke wa petroli hauna utani.

Kwenye plagi hakuna cheche. Nikahamia waya mnene unaotoka katikati ya koili: hakuna. Sasa tulia hapa, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kama koili yenyewe haitoi kitu, basi kifuniko, rota, waya za plagi na plagi zote hazina kesi, maana hazijafikiwa na umeme wa kuharibu. Nusu ya watuhumiwa wameruhusiwa kwenda nyumbani na sijatoa hata senti. Na bado kuna aliyenishauri nibadilishe plagi! Plagi nne haziwezi kukubaliana kufa asubuhi moja.

Nikachukua taa ya kupimia, ile yenye sindano na klipu, kitu rahisi kuliko vyote kwenye sanduku langu. Upande chanya wa koili, swichi ikiwa imewashwa: inawaka. Stata ikizunguka: bado inawaka, na mita ilisoma volti 10 hivi, si mbaya. Usiruke hatua ya kupima stata ikizunguka. Magari mengi ya zamani yana njia mbili za kuipa koili umeme, moja inapitia rezista, kipunguza umeme, swichi ikiwa kawaida, nyingine inaikwepa rezista wakati wa kupiga stata. Njia ya pili ikikatika, taa inakuonyesha kila kitu kiko sawa mpaka unapozungusha ufunguo. Ukiona gari linataka kushika pale tu unapoachia ufunguo, anza kutafuta hapo.

Kisha upande hasi wa koili. Huku ndiko kwenye habari. Stata ikizunguka, taa inatakiwa ikonyeze, kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kwa sababu iginaita inaunga na kukata. Yangu iliwaka moja kwa moja bila kupepesa. Nikachomoa na waya wa mita ya mizunguko ya injini, kwa kuwa unaungwa hapohapo na ukigusa bodi unaweza kuzima gari zima. Hakuna badiliko. Kwa hiyo umeme unafika, na koili iko tayari, ila hakuna anayeunga na kukata.

Watuhumiwa wamebaki wawili: iginaita, au sensa ya disibuta inayoiamrisha. Sensa hiyo ni koili ndogo yenye sumaku. Juu yake kuna gia yenye meno manne inayozunguka na shafti, na kila jino likipita, kijiumeme hafifu kinazaliwa na kwenda kuiambia iginaita "kata". Nikapima ukinzani wake: omu 160. Kitabu cha gari kinataka kati ya 140 na 180. Safi kabisa.

Na hapa lazima nimtetee kidogo yule fundi. Sensa ikisoma vizuri na iginaita haikati, kila mtu mwenye akili atasema iginaita imekufa. Ningekuwa na haraka ningekubali. Lakini iginaita unaweza kuiuliza yenyewe, na chombo cha kuiulizia kiko ndani ya tochi yako.

Betri ya tochi ni volti 1.5. Kijiumeme cha sensa nacho ni kidogo hivyohivyo. Ukichomoa soketi ya sensa, ukagusisha betri ya tochi kwenye waya mbili zinazoingia iginaita, umeidanganya kwamba disibuta inazunguka. Nikaweka plagi yangu ya majaribio kwenye waya wa koili, nikawasha swichi, nikagusisha. Kimya. Nikageuza betri, chanya kuwa hasi, nikabonyeza na kushikilia, macho kwenye plagi. Kimya. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Shemeji, gari la tani nzima unaliwasha kwa betri ya tochi?"

Nikamgeukia ili nimjibu, na katika kugeuka waya ukaniponyoka kidoleni. Tap! Cheche ya bluu, nene, yenye mlio. Shemeji akaruka hatua nzima.

Baada ya hapo ilikuwa dhahiri. Koili haitoi cheche unapoipa umeme, inatoa unapoinyang'anya. Betri ikigusa, iginaita inaijaza koili. Betri ikiondoka, inakata, na hapo ndipo usumaku unaoporomoka unazaa zile volti nyingi. Mimi nilikuwa nakodoa macho wakati wa kugusa. Nikaanza kugusa na kuachia harakaharaka, na kila nikiachia, tap. Gusa tu, usishikilie zaidi ya sekunde tano, vinginevyo koili na iginaita vinachemka bure. Na ikigoma upande mmoja, geuza betri kabla hujaihukumu. Shemeji akaomba na yeye ajaribu. Nilimpa, lakini sikumpa haraka.

Sasa angalia tulipo. Iginaita nzima, nimeiona ikifanya kazi. Koili nzima. Sensa nayo inasoma omu 160. Wote wana hati safi na gari halina cheche.

Nilichofanya ni kujiuliza tofauti kati ya nilipopima na gari linapofanya kazi. Nilipopima, kila kitu kilikuwa kimetulia. Stata inapozunguka, disibuta inatikisika. Nikaiweka mita kwenye volti za AC, nikaunga kwenye waya mbili za sensa, shemeji akapiga stata. Sensa nzima itakuonyesha volti kidogo zisizokatika. Yangu ilionyesha sifuri, ikaruka, ikarudi sifuri, ikakaa.

Kuna kitu kingine kinachotembea ndani ya disibuta ambacho watu hukisahau: sahani inayobeba sensa. Ubavuni mwa disibuta kuna kidude cha duara chenye mpira mwembamba unaokwenda kwenye kabureta. Hiyo ndiyo vakyumu. Ukikanyaga mafuta kidogo, injini inavuta hewa kupitia mpira huo, dayaframu, ule utando wa ndani, inaivuta sahani, na cheche inaruka mapema kidogo. Maana yake sahani ile haijapumzika tangu gari litoke kiwandani, na waya mbili za sensa zinapinda pamoja nayo, daima mahali palepale.

Nikabana mita kwenye waya kwa klipu, ikasoma 160. Nikachomoa mpira upande wa kabureta, nikaufuta kwa kitambaa (si vya kutosha, ladha yake ninaijua mpaka leo), nikautia mdomoni nikavuta. Sahani ikageuka. Mita ikatoka 160 ikaenda kwenye ile alama ya njia iliyokatika. Nikaachia, 160. Nikavuta, imekatika. Nilicheza nayo kama mtoto aliyepewa filimbi. Mwenye pampu ya mkono ya vakyumu atumie pampu yake, ila mdomo unakupa na zawadi ya ziada: ukivuta ukaziba kwa ulimi na sahani ikabaki pale ilipo, dayaframu ni nzima. Ikirudi polepole, imetoboka, na gari lako limekuwa likila mafuta bila sababu.

Waya ulikuwa umekatika ndani ya plastiki. Kwa nje hauoni kitu. Nilivuta kila waya taratibu kwa vidole: mzima haukubali, ule mbovu ulivutika kidogo kama lastiki, kwa sababu ndani hakuna shaba inayoushikilia. Ncha zilizokatika zilikuwa zinagusana gari likiwa limetulia, zikiachana likitikisika. Ndiyo maana kwa miezi gari lilikuwa likishtukashtuka nikikanyaga mafuta kidogo, na nikaambiwa ni uchafu wa kabureta. Kabureta ikasafishwa mpaka inang'aa. Sitaki kukumbuka nililipa nini.

Kutengeneza hakukuchukua muda kama kutafuta. Usiunge waya pale ulipokatikia, maana risasi ya kulehemu inakakamaza waya na utakatika tena pembeni ya kiungo. Niling'oa waya wote mbili mpaka kwenye sensa yenyewe, nikalehemu mpya za nyuzi nyingi laini, nikaacha kitanzi cha ziada ili sahani itembee bila kuzivuta, nikazifunga mbali na shafti. Kabla ya kufungua skrubu zozote humo ndani, ziba matundu kwa kitambaa, zina tabia ya kuangukia pasipofikika. Uwazi kati ya jino na sensa kwenye disibuta ya aina yangu ni milimita 0.2 hadi 0.4, na ukipima kwa geji ya chuma sumaku itaing'ang'ania na kukudanganya, kwa hiyo tafuta ya shaba. Disibuta yenyewe sikuichomoa, kwa hiyo taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, haikuguswa. Kama yako itabidi itoke, weka alama rota inapoelekea na alama kwenye shingo ya disibuta, au utapata tatizo jipya la kusimulia.

Niliporudisha soketi, taa kwenye upande hasi wa koili ikakonyeza. Sikuhitaji kusubiri zaidi. Injini ilishika kabla shemeji hajazungusha ufunguo sawasawa.

Koili ya zamani niliipima kwa udadisi tu: upande wa msingi karibu omu 1, baada ya kutoa ile sehemu ya omu inayotokana na waya za mita zenyewe (zigusishe kwanza uone zinasoma ngapi), upande wa pili kama kilo-omu 11. Nzima. Nimeirudisha kazini, na mpya iko nyuma ya kiti, ndani ya boksi lake. Fundi alinipigia kuuliza iginaita nimeipata wapi. Nikamwambia sijanunua, gari linatembea. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama plagi nilishabadilisha.