Nilivyosaka Uvujaji wa Oili Kwenye Triumph ya 1968

Kila fundi niliyempelekea pikipiki yangu, Triumph Bonneville ya 1968, alikuwa na dawa ile ile: silikoni, ile gundi laini ya kuziba viungo. Hakuna aliyeuliza oili inaanzia wapi. Wote walinionyesha inapodondokea, na hayo ni mambo mawili tofauti, kwa sababu pikipiki inapokimbia upepo huisukuma oili nyuma na kuitandaza juu ya mapezi ya silinda hadi injini nzima ionekane inavuja. Gereji moja ya hapa Arusha ilipaka silikoni kwenye kila kiungo, na baadaye nilipofungua kava nilikuta vipande vyake vikielea ndani, tayari kuziba njia za oili. Nikaamua kuisaka mwenyewe.

Nilianza kwa kunusa. Sanduku la gia la injini hii lina oili yake nzito yenye harufu ya kiberiti, kwa hiyo tone moja kwenye ncha ya kidole linamaliza nusu ya ubishi. Tone langu lilikuwa jeusi na jepesi, basi lilikuwa la injini. Nililihofia pia tangi la oili, kwa maana pikipiki hizi zikikaa muda mrefu bila kuwashwa, oili huweza kupenya kwenye pampu na kujaa chini ya krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, kisha siku ya kuwashwa ikamwagika kupitia bomba la kupumulia, na mwenyewe akaapa kwamba gasketi imekufa. Nilipima kwa kijiti jioni na asubuhi, kiwango hakikushuka. Bomba la kupumulia nililizibua, kwa kuwa likiziba, au ringi za pistoni zikichoka, mgandamizo wa ndani utaisukuma oili nje hata ukifunga gasketi mpya kila mwezi.

Sasa ndiyo ikaja zamu ya poda ya mtoto, jambo ambalo jirani yangu bado analisimulia. Niliiosha injini kwa mafuta ya taa na brashi, nikaipangusa ikiwa baridi kwa kitambaa chenye petroli kidogo ili utando wote uondoke, nikaiacha juani. Kisha nikajaza poda kwenye soksi kuukuu na kuipigapiga kila pembe, mpaka injini ikawa nyeupe kama mpakaji chokaa mwisho wa siku. Niliiwasha ikiwa kwenye stendi, nikachuchumaa na tochi, nikiizima na kuiwasha tena ili mtetemo usifute ushahidi. Kwa muda hapakuwa na kitu, na jirani akaanza kucheka. Halafu mstari mwembamba wa kahawia ukajitokeza kwenye kitako cha bomba la mbele la pushi rodi, yaani fimbo zinazosukuma vali, ukashuka taratibu na kuigeukia silinda. Juu yake poda ilikuwa kavu kabisa. Silikoni yote ile ilikuwa imepakwa kwingine!

Mabomba hayo huzibwa kwa ringi za mpira, na muuza spea alinishauri ninunue nene zaidi, ushauri ambao ungeniharibia injini. Ringi zikiwa nene mno, mabomba huinyanyua silinda hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda, na gasketi yake haibanwi sawasawa. Zikiwa nyembamba, oili inaendelea kutoka. Unapoiweka hedi juu ya mabomba bila kuikaza, inatakiwa ibaki nafasi ya karibu milimita moja kati yake na gasketi, nami niliipima kwa fila geji, vibamba vyembamba vya kupimia nafasi, nikibadilisha ringi hadi ikakubali. Gasketi ya shaba niliichoma mpaka ikaiva nyekundu, nikaitumbukiza majini ili ilainike, nikairudisha. Ringi zenyewe ni bei ya soda chache. Kilichoniumiza ni nauli yake kutoka Uingereza.

Mbele sasa ni kukavu. Nyuma ya sproketi, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, kuna tone dogo, nimelinusa na ni la sanduku la gia. Hilo litangoja siku nitakapofungua klachi, kwa kuwa sili yake haifikiki bila kuitoa.