Treni Moja Juu ya Korongo la Genesee

Kutoka Buffalo hadi Portageville, jimbo la New York, hakuna treni ya abiria. Reli ipo na inafanya kazi usiku na mchana, ila ni ya mizigo tu. Kwa hiyo safari ya kwenda kutazama daraja la reli la huko Portageville ikawa ya gari la kukodi, na gari lenyewe kwa siku mbili likala pesa kuliko chumba cha kulala. Getini kwenye hifadhi ya Letchworth nikatozwa dola 10 nyingine. Siku ya kwanza ilikuwa mvua tupu, haina la kusimulia.

Siku ya pili nilishuka kwa miguu hadi Maporomoko ya Juu, na hapo bei zote zikanitoka akilini. Maji yanaporomoka, na nyuma yake, juu kabisa, upinde wa chuma wa rangi ya kahawia umevuka korongo zima bila kutia hata mguu mmoja kwenye mto Genesee. Upinde peke yake una mita 147 kutoka kitako hadi kitako, yaani pale unapokanyaga mwamba kila upande. Daraja zima lina mita 294, na reli ziko kama mita 70 juu ya mto.

Hili ni la tatu mahali hapa. La kwanza, la mbao, lilifunguliwa 1852 likateketea kwa moto Mei 1875. La pili, la chuma, lilisanifiwa na mhandisi George S. Morison, na treni zikaanza kulipita Julai 31 mwaka huohuo. Sehemu yake ya juu ilibadilishwa mwanzoni mwa karne ya 20, lakini likaendelea kubeba treni hadi Desemba 2017. Miaka 142! Kilicholiondoa ni uzito. Behewa la mizigo la siku hizi Marekani likijaa hufika karibu tani 130 pamoja na uzito wake lenyewe. Daraja la zamani liliruhusiwa tani 124 hivi. Kila behewa likapunguziwa mzigo, na treni ikatambaa kilomita 16 kwa saa. Daraja la aina hiyo haliponywi kwa kupakwa rangi. Kila gurudumu linalopita huvuta chuma na kukiachia, mara mamilioni, hadi ufa mwembamba unaanzia pembeni mwa tundu la pini au ribiti, mahali ambapo jicho la mkaguzi halifiki kwa urahisi.

Jipya lilijengwa mita 23 tu kusini mwa lile kuukuu ili treni zisisimame, na hapo ndipo ugumu wote ulipo. Daraja la nguzo hukandamiza ardhi chini. Upinde husukuma kingo kwa nje, kwa hiyo hauna maisha bila mwamba mzima. Mwamba wa Genesee umepangana matabaka kama chapati, ya tope lililogeuka jiwe na ya mchanga, na baridi kali hupasua yale ya juu. Lazima uchimbe mpaka upite mawe yaliyolegea, ushikilie ukuta kwa vyuma virefu vilivyozamishwa ndani, ndipo umwage zege. Baruti huwekwa kidogo kidogo, maana treni inapita jirani.

Kisha upinde hukua kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Kila nusu inaning'inia hewani, imeshikwa na nyaya nene zilizofungwa nyuma yake kwenye nanga za mwambani. Kila kipande kikiongezwa, nusu hiyo huinama kidogo, na nyaya hurekebishwa kwa jeki. Nanga ikiteleza hata kidogo, ncha yote inashuka.

Siku ya kuunganisha katikati ndiyo ya hofu. Chuma cha urefu wa mita 147 hurefuka karibu milimita 18 joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, na tundu la bolti halina nafasi ya milimita 18. Jua likipiga ubavu mmoja, kila nusu hupinda kuelekea upande mwingine. Ndiyo maana vipimo vya kuaminika huchukuliwa alfajiri, kabla jua halijagusa chuma. Ukishafunga kipande cha mwisho, nyaya hulegezwa polepole, na uzito unahamia miambani.

Treni ya kwanza ilipita Desemba 11, 2017. Machi 20, 2018 daraja la zamani likaangushwa kwa baruti, na vyuma vikaopolewa korongoni.

Nikiwa pale ukingoni nilikumbuka daraja la Mpanga, mbele kidogo ya Mlimba kwenye reli ya TAZARA, lenye nguzo za mita 50 na msitu chini yake. Reli ile ilikamilika 1975. Bado ni kijana mbele ya mzee yule wa miaka 142 aliyeangushwa, lakini mvua ya Mlimba si ya mchezo. Ningetamani kujua maji yanatokea wapi kwenye vitako vyake, na ni nani anayeshuka huko na nyundo kugonga bolti moja moja.

Saa tisa na robo alasiri, baada ya kungoja kwa muda wa karibu saa nne, mlio ulisikika. Vichwa viwili, halafu makontena, mwendo usiosita. Nilisikiliza viungo vya daraja. Hakuna kilichogonga.