Si kila kipele usoni ni chunusi

Saluni yangu iko Kabwe, hapa Mbeya. Mteja akilaza kichwa kwenye sinki, uso wake wote uko chini ya macho yangu. Ndiyo maana nabishana na wanaoita kila kitu chunusi.

Chunusi ina vichwa, vyeusi au vyeupe, nyingine usaha. Zikijipanga kwenye paji la uso, nywele zinapoanzia, nauliza kwanza unapaka mafuta gani kichwani. Yale mazito ya kusukia huteremka yakaziba vitundu vya ngozi.

Juni baridi ikishika, naona zaidi magamba yenye mafutamafuta pembeni ya pua na kwenye nyusi, na kichwani mba tele. Ugonjwa ni mmoja. Kuna fangasi anayeishi kwenye mafuta ya ngozi ya kila mtu, ila wengine ngozi zao hazimvumilii. Picha za mtandaoni zinaonyesha wekundu. Kwetu watu weusi mara nyingi ni mabaka yaliyopauka. Dawa ya fangasi, kama ketokonazo, huutuliza, kisha hurudi. Ugonjwa huo ukija kwa kishindo, huweza kuwa dalili ya VVU, hivyo daktari anaweza kuomba na kipimo chake. Usimnunie.

Piko nayo ina vituko. Mwalimu mmoja alipaka nywele, keshokutwa yake akaja kope zimevimba, macho hayafunguki vizuri. Rangi ilikaa kichwani, lakini ngozi ya kope ni nyembamba, ndiyo iliyolia. Huyo asiiguse tena.

Kinachonikera kuliko vyote ni tyubu za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, zinazopakwa bila daktari, na mkorogo uliochanganywa na dawa hizohizo. Upele unanywea siku chache, mtu anashangilia. Akiacha, vipele vidogo vinazunguka mdomo, anapaka tena, ngozi inazidi kuwa nyembamba. Na kama ulikuwa fangasi wa duara, steroidi inafuta ule ukingo wake, hata mtaalamu apate shida kuutambua.

Juzi alikuja dada wa Uyole. Weusi mashavu yote mawili, umevuka juu ya pua, mikunjo ya pembeni ya pua imebaki safi. Jua likimpiga unazidi, na vidole vinamuuma asubuhi. Nikamwambia hiyo si ya saluni wala ya duka la dawa. Inaweza kuwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, nenda hospitali wakupime damu. Akasema asukwe kwanza. Nikamsuka mistari mikubwa tu, ili daktari akitaka kuangalia ngozi ya kichwa aione.